Dozi ya Mwenye Kisukari Haipotei

Kuna kauli inayosikika kwenye mabenchi ya kliniki, vijiweni, na hata kwa watu waliosoma sana: mwenye kisukari kinga yake imeshachoka, kwa hiyo kumchanja ni kupoteza dozi. Wanaoisema si watu wabaya wala si wajinga. Wengi wameuguza. Wameona kidonda cha mguu kikikataa kufunga mwezi mzima, wameona mafua ya kawaida yakimlaza mzazi wao kitandani, wakajiuliza swali la haki kabisa: mwili ulioshindwa kufunga kidonda utajifunza nini kwenye sindano? Wengine huongeza hoja ya pili, kwamba modeli za hisabati zinazotumika kupanga nani achanjwe kwanza ni makisio ya watu wasiowajua wagonjwa, na kwamba zilishatupotosha wakati wa UVIKO-19.

Hoja zote mbili naziheshimu, kwa sababu kila moja ina ukweli ndani yake. Lakini hitimisho lake halifuati. Ukiupima udhaifu wa kinga ya mwenye kisukari kwa hesabu, badala ya kuutaja tu, unakuwa sababu ya kumchanja mapema na ya kuwachanja wanaoishi naye.

Nianze na yale ninayoyakubali. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, chembe nyeupe za damu zinazotakiwa kuwahi mahali vijidudu vilipoingia huchelewa kufika, na zikifika huua kwa udhaifu. Baadhi ya chanjo nazo hushika kidogo. Mfano ulio wazi ni chanjo ya homa ya ini aina ya B. Katika jaribio kubwa la Marekani lililolinganisha chanjo mbili za ugonjwa huo, kati ya watu wenye kisukari aina ya pili waliopewa chanjo iliyotumika kwa miaka mingi, ile ya dozi tatu, ni asilimia 65 tu waliofikia kiwango cha kinga kinachotakiwa. Anayesema kwamba chanjo haishiki sawasawa ana ushahidi mkononi, na ni makosa kumjibu kana kwamba hana.

Ila jaribio hilohilo lina nusu ya pili ambayo haitajwi. Chanjo mpya zaidi, yenye kiungo tofauti cha kuiamsha kinga na inayotolewa kwa dozi mbili, ilifikisha asilimia 90 kwa watu wenye ugonjwa uleule. Sehemu kubwa ya udhaifu tuliompachika mgonjwa ilikuwa udhaifu wa chanjo.

Kuna na ushahidi wa Uholanzi. Huko wazee 84,496 wenye umri wa miaka 65 na zaidi waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa chanjo ya bakteria mkuu wa nimonia na nusu wakapewa sindano isiyo na dawa. Kwa wote kwa pamoja, chanjo ilizuia karibu asilimia 46 ya nimonia inayotokana na aina za bakteria zilizomo kwenye chanjo. Baadaye watafiti waliwatenganisha wenye kisukari na wasio nacho: ufanisi kwa wenye kisukari ulikuwa takriban asilimia 89, na kwa wasio nacho takriban 25. Sitaki kuujenga ukuta mrefu juu ya matokeo haya, maana uchambuzi huo ulifanyika jaribio likiwa limekwisha na idadi ya waliougua katika kila kundi ni ndogo. Sidai kwamba chanjo humfaa mwenye kisukari kuliko mwingine. Nasema hili tu: sentensi ya jumla isemayo “chanjo haifanyi kazi kwao” haiwezi kusimama mbele ya takwimu hizi.

Hata hivyo, kosa kubwa la kauli hii haliko kwenye namba za ufanisi. Tuseme hata mpinzani wangu amepatia kila moja ya namba hizo. Kosa liko katika kuuchukua ufanisi peke yake na kuuita faida.

Ufanisi wa chanjo ni sehemu ya hatari inayoondolewa. Lazima tuulize: sehemu ya hatari ipi, kubwa kiasi gani? Chukua watu 1,000 wasio na kisukari na wengine 1,000 walio nacho, wa umri mmoja. Namba zifuatazo ni za mfano, nimezichagua ili hesabu ifanyike kichwani. Bila chanjo, watu 10 wa kundi la kwanza wangelazwa katika msimu mmoja wa ugonjwa fulani, na 30 wa kundi la pili. Chanjo inazuia asilimia 60 ya kulazwa kwa kundi la kwanza, lakini asilimia 40 tu kwa kundi la pili, kwa sababu kinga yao ni dhaifu. Matokeo yake? Kundi la kwanza wamenusurika watu 6. Kundi la pili wamenusurika 12. Dozi zilezile elfu moja, zikitolewa kwa watu ambao “haziwashiki”, zimeokoa mara mbili zaidi. Ili faida ya makundi haya ilingane, ufanisi kwa wenye kisukari ungepaswa kushuka hadi asilimia 20. Ukuta wa nusu mita kwenye nyumba ya bondeni huzuia maji mengi kuliko ukuta wa mita mbili juu ya kilima.

Swali linabaki: je, hatari ya kweli imezidi kiasi hicho? Hapa ushahidi ni mzito.

Kwanza, UVIKO-19. Watafiti wa Uingereza walipekua kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 61 waliosajiliwa kwa madaktari wa England. Kati ya waliofariki hospitalini kwa ugonjwa huo hadi katikati ya Mei 2020, karibu mmoja katika kila watatu alikuwa na kisukari. Hata baada ya kuzingatia umri, jinsia, kipato na mahali pa kuishi, uwezekano wa kufa ulikuwa takriban mara mbili kwa wenye aina ya pili, na mara tatu na nusu kwa wenye aina ya kwanza.

Pili, kifua kikuu. Uchambuzi wa mwaka 2008 uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali ulionyesha kwamba mwenye kisukari ana hatari ya kuugua kifua kikuu mara tatu hivi ya asiye nacho. Na hili halikuishia kwenye takwimu za mbali. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2011 ulikuta kisukari kwa asilimia 16.7 ya wagonjwa wa kifua kikuu, ikilinganishwa na asilimia 9.4 ya majirani zao wasio na ugonjwa huo.

Tatu, homa ya ini ile niliyoanza nayo. Takwimu za Marekani zilionyesha kwamba watu wenye kisukari wa umri wa miaka 23 hadi 59 walikuwa na uwezekano wa kupata homa ya ini B takriban mara mbili ya wenzao. Milipuko kadhaa ilifuatiliwa hadi kwenye nyumba za kulelea wazee, ambako kifaa kimoja cha kutoboa kidole au mashine moja ya kupimia sukari ilitumika kwa watu wengi. Ndiyo maana mwaka 2011 kamati ya ushauri wa chanjo ya nchi hiyo ilipendekeza wenye kisukari wasiofikisha miaka 60 wachanjwe. Sasa fanya hesabu ya haraka: hatari mara mbili, ukizidisha kwa asilimia 65, ni 130. Chanjo kamilifu kabisa, ya asilimia 100, kwa mtu mwenye hatari ya kawaida ni 100. Yaani hata ile chanjo inayodharauliwa ina faida kubwa zaidi mkononi mwa mwenye kisukari kuliko chanjo isiyo na dosari mkononi mwa mtu mwingine.

Njia hii ya kufikiri si uvumbuzi wa kompyuta. Mwaka 1760 Daniel Bernoulli aliwasilisha mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris hesabu ya ndui. Wakati huo kinga ilipatikana kwa kumwambukiza mtu ndui kidogo kwa makusudi, na njia hiyo yenyewe ilikadiriwa kumuua mmoja kati ya 200. Bernoulli hakuishia kwenye hofu ya huyo mmoja. Alizidisha, akatoa, akaonyesha kwamba wastani wa maisha ungeongezeka kwa karibu miaka 3, kutoka miaka 26 na miezi 7. Mwenzake d'Alembert alimpinga kwa hoja nzito: mtu hapimi hatari ya leo na faida ya baadaye kwa mizani moja. Hoja hiyo ingali hai. Mgonjwa akiambiwa kwamba sukari yake inaweza kupanda siku moja au chache baada ya kuchanjwa, hilo ni la leo, linaonekana kwenye kipimo, na lazima aelezwe wazi. Lakini ugonjwa unaokingwa nao huipandisha sukari, huipandisha kwa siku nyingi zaidi, na humkuta mgonjwa hana hamu ya kula wala nguvu ya kufuata dawa zake.

Sasa niende kwenye upande ambao mpinzani wangu ana haki zaidi kuliko anavyojua.

Mwaka 1927 Kermack na McKendrick, wakiwa Edinburgh, waliandika modeli ambayo hadi leo ndiyo msingi wa fani hii: gawa watu kati ya wanaoweza kuambukizwa, wenye maambukizi, na waliokwisha kutoka kwenye mzunguko kwa kupona au kufa, kisha fuatilia watu wanavyohama kundi moja hadi jingine. Humo ndimo inamotoka hoja ya kinga ya jamii. Mgonjwa mmoja akiwa anaambukiza watu 3, mlipuko unazimika pale ambapo wawili kati ya hao 3 hawaambukiziki tena, yaani theluthi mbili ya watu wana kinga. Kama chanjo inazuia maambukizi kwa asilimia 90 kwa kila mtu, inabidi kuchanja watu 74 katika kila 100. Kama mmoja katika kila 10 ana kisukari na kwake chanjo inazuia asilimia 60 tu, inabidi kuchanja 77. Tofauti ni watu 3 katika 100.

Na tukiwaacha wenye kisukari kabisa? Katika mji wa watu wazima milioni moja, njia ya kwanza inahitaji kuchanja watu 766,000 hivi, wenye kisukari wakiwa ndani yao. Njia ya pili inahitaji 741,000 hivi. Ni kweli: kama lengo pekee ni kukata mnyororo wa maambukizi, dozi iliyoingia kwenye mwili unaoitikia vizuri hufanya kazi zaidi, na kuwaruka wenye kisukari huokoa dozi 25,000. Nalikubali hili bila kusita.

Lakini tazama gharama yake. Hizo 741,000 zinatoka kwa watu 900,000 waliobaki, kwa hiyo lazima wafikiwe asilimia 82 yao. Anayejua shida ya kampeni za chanjo kwa watu wazima anajua jinsi kila asilimia inayozidi 70 inavyopatikana kwa jasho. Ikifikiwa 75 badala ya 82, mlipuko hauzimiki, na watu 100,000 walioachwa bila sindano ndio wenye hatari mara mbili au tatu ya kulazwa na kufa. Tumeokoa dozi chache kwa kuweka dau la maisha ya walio dhaifu juu ya ukamilifu wa wengine. Modeli za kupanga foleni ya chanjo ya UVIKO-19 zilizochapishwa mwaka 2021 zilikuta mgawanyiko wa namna hiyohiyo kwa upande wa umri: kuwatanguliza vijana wanaochangamana sana hupunguza zaidi idadi ya maambukizi, na kuwatanguliza wazee hupunguza zaidi vifo katika hali nyingi zilizojaribiwa. Kwa hiyo anayesema dozi ya dhaifu imepotea ameshachagua lengo, pengine bila kujua. Amechagua kuhesabu maambukizi, akaacha kuhesabu makaburi.

Wala hatulazimiki kuchagua upande mmoja. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, imetuonyesha hivyo. Januari 2011 watoto walianza kupewa chanjo ya bakteria wa nimonia, na huko Kilifi wale wa chini ya miaka 5 waliokuwa wamezaliwa kabla nao wakachanjwa ili wasiachwe nyuma. Watafiti walikuwa tayari wakihesabu wagonjwa katika eneo hilo kwa miaka mingi, kwa hiyo walikuwa na cha kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba ugonjwa mkali wa aina za bakteria zilizomo kwenye chanjo ulipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kinachonigusa mimi zaidi ni mstari wa pili wa matokeo hayo: kwa watu wa miaka 15 na zaidi, ambao hawakuchanjwa, ugonjwa huohuo ulipungua kwa takriban asilimia 80. Bibi mwenye kisukari alikingwa na mjukuu aliyechomwa sindano. Ndiyo maana nilisema mwanzoni kwamba udhaifu wa kinga ni sababu ya kuwachanja na wanaoishi naye. Lakini kinga ya namna hii haipo kwa kila ugonjwa. Pepopunda haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu, na majirani elfu moja waliochanjwa hawamsaidii kitu mwenye kidonda cha mguu ambaye hakuchanjwa yeye mwenyewe.

Nimalizane na hoja kwamba modeli zilitupotosha. Machi 2020 watafiti wa Imperial College London walikadiria vifo 510,000 nchini Uingereza, na namba hiyo imebebwa hadi leo kama ushahidi wa aibu. Waliobeba namba waliacha sharti lake: kama hakuna hatua yoyote itakayochukuliwa na watu wasibadili mwenendo. Hatua zilichukuliwa. Modeli huonyesha kinachofuata endapo masharti fulani yatatimia, na sifa yake kubwa ni kwamba masharti hayo yameandikwa, mtu yeyote anaweza kuyapinga moja moja. Kauli ya kijiweni nayo ni modeli: inadhani kinga ya wenye kisukari ni sifuri, inadhani wote wako sawa, inadhani hatari yao ni sawa na ya wengine. Dhana hizo hazijaandikwa popote, kwa hiyo hazijawahi kukaguliwa.

Ukizikagua zinaanguka, hasa ile ya kwamba wenye kisukari wote wako sawa. Utafiti mwingine wa England wa mwaka 2020, uliotumia kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 17, uliwagawa wenye kisukari kwa kipimo cha sukari cha miezi mitatu. Baada ya kuzingatia umri na maradhi mengine, wenye sukari iliyodhibitiwa walikuwa na hatari ya kufa kwa UVIKO-19 mara 1.31 ya wasio na kisukari. Wenye sukari isiyodhibitiwa, mara 1.95. Kwa hiyo kidonge cha sukari nacho ni kinga, na kwa baadhi ya magonjwa ndicho kinga kuu. Kwa kifua kikuu, chanjo tuliyo nayo hutolewa kwa watoto wachanga na haimlindi vya kutosha mtu mzima. Modeli iliyochapishwa mwaka 2015, ikihusu nchi 13 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, ilikadiria kwamba kupunguza visa vipya vya kisukari kwa asilimia 35 kungeepusha wagonjwa milioni 7.8 wa kifua kikuu kufikia mwaka 2035. Hakuna aliyesema sindano ichukue nafasi ya kudhibiti sukari.

Ipo pingamizi moja ambayo naona ina uzito kuliko zote, na sijaisikia kijiweni. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba Afrika ina watu wazima milioni 24 wenye kisukari, na kwamba asilimia 54 yao hawajui kuwa wanacho. Weka hilo kwenye hesabu. Mpango wa chanjo unaopitia kliniki za kisukari, hata ukiwafikia 80 katika kila 100 wanaojulikana, utakuwa umewafikia 37 tu katika kila 100 walio na ugonjwa. Hapa ndipo mpango unapovuja. Hiyo ni hoja ya kupima sukari wakati wa kuchanja, na ya kuweka umri kuwa kigezo pamoja na ugonjwa, ili aliyefikisha miaka 50 asilazimike kwanza kujua kwamba anaumwa ndipo akingwe. Tanzania ilipoanza kutoa chanjo ya UVIKO-19 mwezi Julai 2021, iliwatanguliza wahudumu wa afya, wenye miaka 50 na zaidi, na wenye maradhi sugu. Mpango huo wa milango miwili ulikuwa sahihi, na unafaa kwa chanjo nyingine za watu wazima.

Kwa wapangaji wa chanjo, ombi langu ni moja: mnapoandika orodha ya nani atangulie, msiulize tu chanjo inashika kwa asilimia ngapi. Zidisheni kwa hatari. Na wewe msomaji mwenye kisukari, ikiwa umevuka miaka 30, huenda ulizaliwa kabla chanjo ya homa ya ini B haijaingia kwenye ratiba ya watoto wa kwetu, na ile ya nimonia ilikuja baadaye zaidi. Siku ya kliniki ijayo, ukishapima sukari, muulize mhudumu ni chanjo zipi umezikosa, na uende na kifaa chako mwenyewe cha kutoboa kidole.